Niyafute majaribio aliyoyaandika mwalimu wangu?

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwandishi wa programu katika kikosi cha watu wasiofika kumi. Mfumo tunaoutunza hupokea kazi kutoka mifumo mingine, huzipanga foleni, kisha huzigawa kwa mashine za kuzitekeleza. Mashine ikichelewa kurudisha jibu, mfumo huichukulia kuwa imekufa na kuipa kazi ile mashine nyingine. Kwa hiyo saa imo kila mahali: kusubiri, kujaribu tena, kukata tamaa muda ukipita.

Majaribio yetu ya otomatiki, yaani programu ndogo zinazokagua kama mfumo unafanya kazi sawasawa, yamezidi elfu mbili na mengi yao hayana neno. Shida ni kundi dogo, kama arobaini hivi, linalotegemea muda. Jaribio linaweka kazi kwenye foleni, linalala milisekunde 200, linaamka na kuangalia kama kazi imekwisha. Kwenye kompyuta yangu yanapita. Kwenye seva inayoyaendesha kila tunapotaka kuunganisha mabadiliko, leo linafeli hili, kesho lile, na ukibonyeza kitufe cha kurudia, nyekundu ya kufeli inatoweka na yote yanakuwa kijani, yaani yamepita. Tumeyapa jina: vigeugeu.

Zamani mtu akiona nyekundu alishtuka. Siku hizi anabonyeza kurudia hata kabla hajasoma kilichofeli. Tena tulijipa ruhusa ya kuunganisha hata kukiwa na nyekundu, mradi mhusika aseme "ni vigeugeu tu". Majuzi mwenzetu aliitumia ruhusa hiyo. Katikati ya vigeugeu viwili kulikuwa na jaribio la tatu lililosema kweli, yeye akayaweka yote kapu moja. Kasoro ilifika kwa watumiaji na huduma ikasimama.

Kiongozi wetu hakumfokea mtu, ila siku iliyofuata aliniita akaniagiza nifute kundi zima la majaribio ya muda kabla ya toleo lijalo. Alisema ni afadhali majaribio machache tunayoyaamini kuliko mengi tunayoyapuuza. Sikuwa na jibu.

Sasa, Mshauri, majaribio hayo yote yaliandikwa na mzee mmoja aliyenipokea nilipoanza kazi. Ndiye aliyenifundisha kusoma msimbo (maandishi ya programu) wa watu wengine bila kuudharau. Amehamia kikosi kingine na tunaonana mara kwa mara. Najua hakuwa mtu wa kuandika jaribio kwa kujifurahisha. Mengi aliyaandika baada ya tatizo fulani kutokea, ingawa maelezo aliyoyaacha ndani yake ni mafupi mno na sielewi tena yalikuwa yanalinda nini. Nikiyafuta, naona kama ninaifuta kazi yake mgongoni mwake. Nikimwambia, naogopa ataona ninamwambia kazi yake ilikuwa mbovu.

Wenzangu wanasema ninaleta hisia kwenye mambo ya mashine. Pengine ni kweli. Lakini kuna moja kati yake, lile la mashine iliyochelewa, ambalo likifeli halisemi "muda umekwisha" kama mengine. Linasema kazi imetekelezwa mara mbili. Sijawahi kulinasa kwenye kompyuta yangu hata siku moja.

Niyafute kama nilivyoagizwa? Au nimwombe kiongozi aniachie, na kama ataniuliza sababu nimwambie nini?

Ni mimi, Njia Panda.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nikikuelewa vizuri, una mambo mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni la kazi: kuna majaribio yanayodanganya, na uongo wake umewafanya wenzako wasiyaamini hata yanayosema kweli. La pili ni la moyo: majaribio hayo yana mwenyewe, na mwenyewe ni mtu unayemheshimu. Kiongozi wako ameliona la kwanza peke yake, ndiyo maana agizo lake ni jepesi kutamka na kwako limekuwa zito kutekeleza. Tulifungue fundo hilo polepole.

Nianze upande wa kiongozi wako, kwa sababu ana hoja. Barua yako inachukulia kwamba ukifuta utapoteza ulinzi. Lakini ni ulinzi gani uliobaki kwa jaribio ambalo likilia hakuna anayegeuka? Na wala halihitaji kuwa jaribio baya sana. Tuseme kila moja kati ya hayo 40 linafeli bila sababu mara 1 tu katika 100. Yakiendeshwa pamoja, karibu mara 1 katika kila 3 mtapata walau nyekundu moja ya uongo. Hakuna mwanadamu anayeweza kushtuka kwa dhati kila mara kwa mwendo huo. Wenzako wamechoshwa, na uchovu huo ndio uliomfikisha mwenzenu pale alipofika.

Wala si nyinyi peke yenu. Mwaka 2016 Google walieleza hadharani kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na ukigeugeu wa kiwango fulani, na kwamba kila jaribio lilipogeuka kutoka kijani kwenda nyekundu, mara 84 katika 100 kulikuwa na kigeugeu ndani ya habari hiyo. Ikiwa hali ni hiyo kwa watu wenye wahandisi wengi na mashine nyingi namna ile, usijione kikosi chenu ni cha wazembe.

Hata hivyo kuna sentensi mbili katika barua yako ningependa uzitazame upya.

Ya kwanza ni ile ya "kwenye kompyuta yangu yanapita". Umeitaja kama ushahidi kwamba seva ndiyo yenye kasoro. Unapoiambia programu ilale milisekunde 200, mfumo endeshi unakuahidi kwamba hautaiamsha kabla ya hapo. Haukuahidi kuiamsha muda huo unapotimia, wala kwamba nyuzi nyingine za programu (sehemu zake zinazoendeshwa sambamba) zitakuwa zimepata zamu ya kufanya kazi. Kompyuta yako imetulia na ina mtu mmoja. Seva inagawana nguvu na kazi nyingine nyingi, inasimama kidogo kusafisha kumbukumbu, inahamishwa huku na kule na mtambo unaoibeba. Sasa niambie, mashine zinazowahudumia watumiaji wenu zinafanana na ipi kati ya hizo mbili? Mimi nadhani zinafanana na seva. Kwa hiyo jaribio linalopita kwako na kufeli kule huenda linakuonyesha kitu ambacho utulivu wa kompyuta yako unakificha.

Ya pili ni ile ya mwisho mwisho, kuhusu kazi kutekelezwa mara mbili. Umeiandika kama jambo la pembeni. Mimi nimeisoma mara kadhaa.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichambua marekebisho 201 ya majaribio vigeugeu katika miradi ya Apache, shirika la programu huria. Kati ya waliyoweza kuyaainisha, karibu nusu yalitokana na ugonjwa wenu huu huu: jaribio linaanzisha jambo, halafu halisubiri ipasavyo likamilike. Hiyo inampa nguvu kiongozi wako. Lakini waliona pia kwamba takriban robo ya marekebisho hayo hayakuishia kwenye jaribio, yaligusa programu yenyewe, na karibu yote ya namna hiyo yalikuwa yanaondoa kasoro ya kweli iliyokuwa imejificha humo. Yaani kigeugeu kilikuwa kinasema kweli, ila kwa kigugumizi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Labda unakijua kisa cha Pathfinder, chombo cha NASA kilichotua sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baada ya kutua, kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha upya. Chanzo kilikuwa zamu: kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa ilishika kufuli (ruhusa ya kutumia kitu kwa zamu, mmoja mmoja) lililohitajiwa na kazi kubwa ya kusimamia mawasiliano ya ndani ya chombo. Kabla ile ndogo haijaliachia, kazi nyingine za cheo cha kati zikaingia na kuizuia isiendelee. Ile kubwa ikabaki inasubiri, na mlinzi wa saa, yaani kifaa cha ndani kinachoangalia kama kazi zinakwisha kwa wakati, akiona haijamaliza, akaiwasha upya kompyuta nzima. Wahandisi waliirudia hali hiyo kwenye nakala ya chombo iliyokuwa Duniani, wakapata chanzo, wakatuma marekebisho hadi Mirihi. Kinachokuhusu wewe ni hiki: dalili ile ilikuwa imeshaonekana wakati wa majaribio kabla ya safari. Walipoitafuta tena haikujirudia, na nguvu za watu wakati huo zilikuwa kwenye programu ya kutua. Hawakuwa watu wa kupuuza mambo. Kasoro ya muda ina tabia hiyo ya kujitokeza na kutoweka, na anayeitafuta huonekana anapoteza wakati wa wenzake.

Turudi kwenye jaribio lako la mashine iliyochelewa. Mengine yakifeli yanasema "bado hakijafika". Maneno hayo mara nyingi ni kosa la jaribio: halikuwa na subira. Hili linasema "kimefika mara mbili", na mashine kuwa nzito peke yake haitoshi kueleza jambo hilo. Naweza kufikiria njia mbili za kulitazama. Pengine mzee wako, ili jaribio liishe haraka, aliweka muda wa mashine kushikilia kazi uwe mfupi mno. Seva ikisimama kidogo muda huo unapita, mfumo unaipa kazi mashine ya pili, na ya kwanza inaamka na kuimalizia kama vile hakuna kilichotokea. Ukitazama hivyo utasema ni muda wa jaribio tu, katika matumizi halisi tumeweka muda mrefu. Njia ya pili ni kukumbuka kwamba mashine halisi nazo husimama, na nyingine husimama muda mrefu. Ikiwa hakuna kitu kinachoizuia ile ya kwanza kuandika matokeo baada ya kunyang'anywa kazi, basi urefu wa muda unalifanya tukio liwe adimu, haulizuii. Na kama kazi hizo ni za aina ambayo kufanyika mara mbili kunamuumiza mtu, mathalani malipo, uadimu ni faraja ndogo.

Sijui ipi ndiyo yenu, na kwa barua peke yake siwezi kujua. Unaweza kujua wewe. Usilisubiri jaribio lifeli lenyewe. Liendeshe mfululizo, mara mamia, huku kompyuta yako umeilemea kwa kazi nyingine na umeiruhusu kutumia kiini kimoja tu cha kichakataji. Au, bora zaidi, isimamishe kwa makusudi mashine ya kwanza katikati ya kazi mpaka muda upite, kisha uiachie uone inafanya nini. Hapo hutakuwa unategemea bahati.

Kuhusu njia zilizo mbele yako, zote zina gharama zake.

Kufuta yote kunarudisha imani haraka, na sikatai kwamba imani hiyo ina thamani. Mtu atakuambia msimbo uliofutwa haupotei, umo katika historia ya mradi. Ni kweli umo, lakini ni nani atakwenda kuutafuta ikiwa hajui kwamba uliwahi kuwepo? Ukifuata njia hii, walau andika mahali panaposomwa kila jaribio lililofutwa lilikuwa linalinda tabia gani.

Wapo watakaokushauri mashine irudie yenyewe jaribio lililofeli, likipita hata mara moja lihesabiwe limefaulu. Ni njia inayopendwa kwa sababu haimgombanishi mtu na mtu. Naiogopa kwa kundi lenu hasa. Kasoro ya kweli inayojitokeza mara 1 katika 20, mkiruhusu jaribio liendeshwe hadi mara 3, itawafikia ikiwa nyekundu mara 1 katika 8,000. Mtakuwa mmejenga chombo cha kuficha aina ileile ya kasoro ambayo majaribio haya yaliandikwa kuitafuta. Mkirudia, basi kila kufeli kuandikwe, na kuwe na mtu anayeisoma orodha hiyo.

Kuongeza muda wa kulala kutoka milisekunde 200 hadi sekunde 2 kutapunguza kelele na kuwafanya wote wasubiri zaidi, hata siku ambazo kazi imeisha mapema. Sina zaidi la kusema juu yake.

Kuna kuyatenga: yaendeshwe pembeni, pengine usiku, yasizuie mtu kuunganisha mabadiliko. Hapo kiongozi wako anapata alichokitaka, yaani nyekundu irudi kuwa na maana, na wewe unapata muda wa kuyachunguza. Hatari yake ni kwamba kilichotengwa husahaulika. Nimeona kutenga kukiwa jina la upole la kufuta. Kukiwa na jina la mtu anayehusika na tarehe ya kuamua, hatari hiyo hupungua, ingawa haiishi.

Na kuna kuyaandika upya, kazi ngumu kuliko zote na, kwangu, yenye faida kubwa zaidi pale inapowezekana. Jaribio linaloangalia kama kazi imekwisha halihitaji kulala hata kidogo. Lisubiri ishara ya kukamilika kutoka kwenye programu yenyewe, na liwe na kikomo kirefu cha kukata tamaa. Likipata ishara mapema linaendelea mara moja, kwa hiyo urefu wa kikomo haumcheleweshi mtu. Jaribio la "baada ya nusu saa jaribu tena" linaweza kupewa saa ya bandia ambayo jaribio lenyewe linaisogeza mbele. Hilo litakulazimu kubadili programu ili iipokee saa kutoka nje badala ya kuuliza saa ya kompyuta moja kwa moja, na si kila kikosi kina nafasi ya kufanya hivyo karibu na toleo. Tena saa ya bandia haikuambii nyuzi halisi zikikimbizana zitafanya nini, kwa hiyo yale machache yanayopima hilo yatabaki kuwa magumu hata baada ya jasho lote. Ukiwa huko, angalia pia kama programu inapima vipindi kwa kutumia saa ya ukutani, yaani ile inayoonyesha tarehe na saa ya sasa. Saa hiyo hurekebishwa na mtandao na inaweza hata kurudi nyuma. Kompyuta ina saa nyingine isiyorudi nyuma, na hiyo ndiyo ya kupimia muda uliopita.

Utakuta mengine yanastahili kweli kuondoka. Jaribio linalodai kazi iishe chini ya milisekunde 50 kwenye seva inayogawanwa linapima seva siku hiyo imeamkaje. Kasi ni jambo la kupimwa mara nyingi, mahali pake, na kulinganishwa kwa wiki na miezi. Huenda katika 40 yenu ukapata ya namna hii mengi kuliko unavyotarajia, na kuyafuta hakutakuuma.

Sasa mzee wako. Umeandika kwamba ataona unamwambia kazi yake ilikuwa mbovu. Hayo ni maneno uliyomtilia mdomoni, hajayasema yeye. Mtu aliyekufundisha kusoma msimbo wa wengine bila kuudharau anajua kwamba majaribio yaliandikwa wakati mfumo ni mdogo, seva ni nyingine, na watu ni wengine. Inawezekana ataumia kidogo, siwezi kukuahidi vinginevyo. Inawezekana pia kwamba anajua ni lipi aliliandika baada ya usiku gani, na maarifa hayo hayapo mahali pengine popote isipokuwa kichwani mwake. Mkienda kuyafuta bila kumuuliza, mtakuwa mmefuta na hayo. Usimwendee kuomba ruhusa, maana uamuzi si wake tena, na kumbebesha uamuzi huo si kumheshimu. Mwendee na orodha, mkae, umuulize kwa kila moja: hili lilitokana na nini? Akisema "hilo hata mimi silikumbuki", hilo nalo ni jibu.

Wenzako wanaosema unaleta hisia wasikusumbue sana. Wasiwasi wako una sababu ya kiufundi, ila wewe mwenyewe umeuvika vazi la heshima kwa mzee, nao wakaliona vazi tu. Utenganishe mambo hayo mawili unapozungumza nao.

Kwa kiongozi, sidhani unahitaji kukataa. Unaweza kumpa leo sehemu ya alichokiomba: yote arobaini yaondoke njiani mwa kuunganisha mabadiliko, na ile ruhusa ya kuunganisha juu ya nyekundu ifutwe siku hiyo hiyo, kwa sababu ikibaki, hata majaribio safi yatazoeleka vilevile. Kisha mwoneshe ujumbe wa lile jaribio moja, kama ulivyo, na umuulize kazi ikitekelezwa mara mbili kwa mtumiaji inagharimu nini. Anaweza kusema haigharimu kitu, kwamba kazi zenu zikirudiwa hazidhuru. Anaweza kunyamaza. Vyovyote atakavyojibu, nyote wawili mtakuwa mnazungumzia jambo lile lile, na hapo ndipo wewe utajua unaomba muda kiasi gani, na kwa ajili ya majaribio mangapi.